Mirembe Ikitazamwa Kutoka Kisesa

Pale Bujora, Kisesa, ndani ya Makumbusho ya Wasukuma, imo nyumba ya mfumu, yaani mganga. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers aliyekianzisha kituo kile miaka ya 1950, alitaka kila kilichobeba maisha ya Msukuma kiwe na nyumba yake: utemi, uhunzi, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, na uganga. Wageni wengi hukimbilia ngoma za watemi, na siwalaumu, ngoma zile ni kubwa na zina sauti. Lakini anayetaka kuandika habari za hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa ukanda huu wa Ziwa Victoria hana budi kuanza na nyumba ya mfumu. Kabla ya kuwapo hospitali yoyote, tiba ya wazimu ilikuwa hapo.

Aliyerukwa na akili hakupelekwa kwa mganga akaachwa huko. Alikwenda na mtu wake: mama, kaka, mjomba. Ndugu huyo alilala naye, akampikia ugali, akamshika wakati wa kunywa dawa, na mgonjwa alipoanza kutulia wote wawili walishika jembe katika shamba la mganga, ikawa sehemu ya malipo. Tusiipambe tiba hiyo. Aliyekuwa mkali alifungwa kamba, na ng'ombe waliotolewa zizini hawakurudi hata kama mgonjwa alirudi vile vile alivyokwenda. Hata hivyo kwa mganga palikuwa mwendo wa mguu, na mgonjwa hakukosa mtu wa kumwita kwa jina lake.

Wajerumani walipoweka boma Mwanza, mwendawazimu akawa shauri la askari. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja na mtu anayeongea peke yake chini ya mti huko kijijini. Ilikuwa na haja na yule aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni, au aliyemtukana Bwana Mkubwa hadharani. Huyo alitiwa korokoroni, kwa kuwa korokoroni ndiko kulikokuwa na mlango unaofungwa kwa nje.

Nyumba ya kwanza iliyopata sifa ya kutunza wagonjwa wa akili katika koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani haikujengwa kwa ajili yao. Mwaka 1893 Waprotestanti wa Ujerumani waliunda umoja wa kupiga vita utumwa, Evangelischer Afrika-Verein, na mwaka 1896 umoja huo ukafungua kituo Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, cha kulea watoto waliokombolewa utumwani. Misafara ya watumwa ikazidi kupungua na watoto nao wakapungua, hata vitanda vikabaki vitupu. Sasa watumishi wa Lutindi walikuwa mashemasi waliofundwa Bethel, kule Bielefeld, katika makazi ya wagonjwa wa kifafa yaliyoanzishwa mwaka 1867 na kukuzwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Watu waliotoka malezi hayo hawakuhitaji kuambiwa nyumba tupu iwekwe nani. Kufikia 1905 Lutindi ilikwisha kugeuka makao ya wagonjwa wa akili.

Imani ya Bethel ilikuwa kwamba kila mgonjwa apewe kazi anayoiweza, hata ikiwa ni kuchambua maharage. Kazi ilihesabiwa kuwa dawa, na zaidi ya dawa, ilikuwa heshima. Lutindi iliipokea imani hiyo pamoja na majembe yake: bustani, mifugo, useremala, ufumaji, na baadaye chai, ambayo hali ya hewa ya Usambara inaipenda. Vita viwili vya dunia viliwaondoa Wajerumani mara mbili, na kituo kikabaki. Hadi leo Lutindi ni hospitali ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, inapokea wagonjwa wa akili na wa kifafa, na bado inawapa kazi. Nikilinganisha na mengi yaliyofuata, naiona Lutindi kama ndugu mkubwa aliyekaa kimya kijijini huku mdogo wake, Mirembe, akipata jina mjini.

Majirani nao walianza kwa mtindo huo huo wa kurithi majengo. Nairobi, mwaka 1910, serikali ya Waingereza iliwaweka wagonjwa wa akili mahali palipokuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Pakawa mwanzo wa Mathari, jina lililothibitishwa mwaka 1924. Uganda ilianzia ndani ya gereza, Hoima. Ukiyatazama majengo haya kwa pamoja unaona jinsi watawala walivyowapanga watu hawa akilini mwao: fungu moja na mtoto wa mtumwa asiye na kwao, na mwenye ndui asiyeguswa, na mfungwa.

Mirembe ilikuja mwaka 1927, Dodoma. Serikali ya Tanganyika, chini ya Waingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, haikuweza tena kuendelea kuwatawanya wagonjwa katika magereza ya wilaya, na hospitali moja ya nchi nzima ikafunguliwa katika Ugogo, katikati ya reli ya kati. Ramani ndiyo inayoeleza mengi hapa. Dodoma ilikuwa stesheni inayofikika kwa treni kutoka pwani na kutoka Tabora, ardhi ilikuwa pana, na mji wenyewe ulikuwa mdogo mno kulalamika kwamba umeletewa vichaa. Mwaka uliofuata, 1928, tawi la reli kutoka Tabora likafika Mwanza.

Miaka hiyo miwili iliyofuatana, 1927 na 1928, ndiyo iliyobadilisha maana ya wazimu kwa watu wa Kisesa, Magu na Misungwi. Zamani, mtu wa Mwanza aliyetaka kwenda pwani alipanda meli hadi Kisumu, akashika reli ya Uganda mpaka Mombasa. Sasa palikuwa na njia ya moja kwa moja ya kusini: Mwanza, Shinyanga, Tabora, halafu mashariki hadi Dodoma, zaidi ya kilomita 700 ndani ya behewa. Reli ile ililetwa kwa ajili ya pamba na karanga. Ilipokwisha kulazwa, ikaweza kubeba na mtu ambaye wilaya imemchoka.

Safari hiyo ilianza kwa karatasi. Habari zilitoka nyumbani kwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, kutoka kwa mwanangwa kwenda kwa mtemi, na kwa mtemi zikafika bomani. Huko sheria ya kikoloni ilitaka mambo mawili, hakimu achunguze na daktari athibitishe, ndipo mtu atiwe hospitalini kwa amri. Neno la ndugu lilikuwa ushahidi tu, halikuwa uamuzi. Mtu aliyekuwa na ukoo mzima wa kumsemea alipofika bomani alibaki na watu wawili wenye kalamu, ambao mara nyingi hawakujua Kisukuma na walimsikia kupitia mkalimani. Mtu amekasirika, analia, anaongea na marehemu wake kama wengi wetu tunavyoongea nao, na mkalimani anatafsiri nusu. Haikuwa vigumu kuonekana kichaa.

Kisha akasafirishwa chini ya ulinzi, na ndugu akabaki stesheni. Nauli ya kwenda na kurudi ilimshinda mkulima wa pamba, na hata angeipata, hospitali za aina ile hazikutengenezwa kwa ajili ya ndugu. Hakukuwa na pa kulala wala pa kupikia. Mgonjwa alikwenda mahali ambako watu wake hawawezi kumwona akipona, ndiyo maana aliporudi, kama alirudi, walikuwa na haki ya kumtilia shaka.

Majengo ya hospitali za wazimu za wakati ule yalifuata fikra moja popote Waingereza walipotawala, kutoka India hadi Rodesia: kugawa. Wanaume huku, wanawake kule. Watulivu mbele, wakali nyuma. Waliokuja kwa ugonjwa upande mmoja, waliokuja kwa kosa la jinai upande wa pili nyuma ya ukuta mrefu zaidi. Ndani ya kila ua kulikuwa na mabweni ya kulala wengi na vyumba vichache vya mtu mmoja, madirisha yakiwa juu, nondo zikipita katikati yake. Mathari waligawa vile vile kwa rangi: Wazungu na nyumba zao, Wahindi na zao, Waafrika wakibanana. Jengo la namna hiyo halihitaji maelezo ya daktari. Linasema lenyewe kwamba kazi ya kwanza ni kuhesabu watu asubuhi na jioni wasipungue.

Dawa zilikuwa chache. Kulikuwa na paraldehaidi ya kulaza mtu, yenye harufu kali iliyobaki mdomoni hata siku ya pili. Kulikuwa na bromidi. Baadaye ukaja umeme wa kichwani. Zaidi ya hapo kulikuwa na kufagia ua, kulima, na kungoja. Bila shaka wapo waliopona, kwa kuwa kuna wazimu unaokuja na kwenda wenyewe, na upo ule unaotokana na homa au malaria ya ubongo, mgonjwa akitibiwa hurejewa na akili zake.

Elimu ya madaktari wenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, alikabidhiwa hospitali ile akiwa daktari wa kawaida, hajasomea magonjwa ya akili. Hilo halikumzuia kuandika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii sehemu ya mbele ya ubongo kama Mzungu, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni dalili ya maradhi. Tanganyika nayo ilikuwa na C. G. F. Smartt, daktari bingwa aliyefanya kazi Mirembe na kuandika mwaka 1956 juu ya kile alichokiona kuwa kushindwa kwa mtu wa Afrika Mashariki kuendana na mazingira mapya. Aliyewajibu watu wa fikra hizo kwa vitendo alikuwa Mnaijeria, Thomas Adeoye Lambo. Tangu 1954, pale Aro, Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya kawaida, kila mgonjwa akiwa na ndugu wa kumpikia, na waganga wa jadi wakikaribishwa kushauriana naye. Msomaji wa Kisesa atatabasamu hapo. Daktari aliyesomea Uingereza alikuwa amejenga upya nyumba ya mfumu, ila ameongeza sindano.

Sindano ndiyo iliyofungua milango, tusidanganyane. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja klopromazini, ambayo wauguzi wengi waliijua kwa jina la dukani, Largactil. Mtu aliyekuwa akipiga kelele usiku kucha miezi sita alitulia ndani ya wiki chache. Alikuwa mzito, ulimi umekauka, anatembea kama aliyebeba gunia, lakini alikuwa anajibu akiulizwa jina la mama yake. Baadaye ikaja sindano ya mwezi, Modecate, na hiyo ikaleta jambo ambalo hakuna ukuta ulioweza: mgonjwa kukaa nyumbani, akatokea zahanati mara moja kwa mwezi, akapigwa sindano, akarudi shambani. Kwa kifafa, ambacho huku kwetu kimewatupa watu motoni na majini huku majirani wakiogopa kuwagusa wasiambukizwe, kidonge cha bei rahisi cha fenobabitoni kilifanya kazi ile ile. Kifafa hakiambukizi kwa povu. Imesemwa mara nyingi, na bado kuna nyumba ambazo mtoto wa kifafa ana sahani yake peke yake.

Baada ya uhuru, Tanzania ilifanya kitu ambacho naona hakisimuliwi vya kutosha. Nchi iliyokuwa ikihubiri vijiji vya ujamaa iliamua wagonjwa wa akili nao wawe na vijiji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya kurekebishia wagonjwa: Vikuruti karibu na Dar es Salaam, Hombolo kwa ajili ya Mirembe. Mtu aliyekwisha kutulia wodini hakusukumwa moja kwa moja kwenye treni. Alikwenda kulima, kufuga, kupika, kujiona tena kama mtu mzima. Bethel ya akina Bodelschwingh, Aro ya Lambo na Azimio la Arusha vilikutana kwenye shamba la mtama. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark, ukaja mpango wa kuipeleka tiba ya akili hadi zahanati, ukianzia Morogoro na Kilimanjaro, ili mganga wa zahanati na muuguzi wa wilaya waweze kuanza tiba bila kungoja Dodoma. Vijiji vilikuja kufifia fedha zilipokosekana. Wazo la zahanati lilibaki.

Upande wetu wa ziwa, kilichopunguza safari ni Bugando. Hospitali ile ya juu ya mlima, iliyojengwa kwa juhudi za Kanisa Katoliki, ilifunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972 na kurudishwa kwa Kanisa mwaka 1985, na huduma ya magonjwa ya akili imo ndani yake kama huduma nyingine yoyote. Kutoka Kisesa hadi Mwanza mjini ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Mama anaweza kupanda daladala asubuhi na uji kwenye chupa, akamwona mwanawe, akarudi kuanua mahindi. Sijui kama waliochora ramani ya hospitali walilifikiria hilo la uji, lakini kwa mgonjwa wa akili ni nusu ya tiba.

Njia moja ya kwenda Dodoma haikufungwa, nayo ni ile ya mahakama. Ndani ya Mirembe kuna Isanga, taasisi ya wagonjwa waliohusishwa na makosa ya jinai, na jina hilo ndilo pia la gereza kuu la Dodoma. Mshtakiwa wa mauaji katika Mahakama Kuu Mwanza akionekana hakuwa na akili timamu siku ya tukio, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu apelekwe hospitali ya akili achunguzwe, na daktari mkuu wa hospitali anatakiwa kuandika ripoti ndani ya siku 42. Mahakama ikiridhika kwamba alitenda lakini akiwa mgonjwa, haimwachii huru wala haimhukumu kama mwuaji. Inaamuru azuiliwe kwa tiba. Kwa muda gani? Hapo ndipo penye ugumu, kwani kutoka kwake hakutegemei kupona tu. Kunategemea ripoti, na baada ya ripoti kunategemea kijiji kukubali kumpokea mtu aliyemuua jirani. Ofisa ustawi wa jamii anayekwenda kijijini kuuliza swali hilo ana kazi ngumu kuliko ya daktari.

Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008 kuondoa ile ya kikoloni. Mirembe yenyewe siku hizi ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na chini yake kuna kituo cha Itega kwa walioathiriwa na dawa za kulevya, kundi ambalo waliochora majengo ya 1927 hawakulifikiria. Vijana sasa ndio wanaojaza vitanda, wengine wakiwa wameanza na bangi, wengine na heroini.

Na Dodoma imebadilika kuliko hospitali. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia 2016, na mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Hospitali iliyowekwa mbali na watu imejikuta katikati ya wizara. Leo mtu wa Magu akiaga kwamba anakwenda Dodoma, wanamuuliza wizara gani, ingawa kwenye daladala ya Kisesa konda akigombana na abiria, jina la Mirembe, au Milembe kama wengi wanavyolitamka, halichukui dakika mbili kutajwa kama tusi la mzaha.

Mzaha huo una gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Dar es Salaam uliwapima watu waliofika zahanati na waliofika kwa waganga wa jadi: matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na hofu iliyopita kiasi, yalionekana kwa asilimia 24 ya waliokuwa zahanati na asilimia 48 ya waliokuwa kwa waganga. Wengi bado wanaanzia kwa mganga, wakiwemo wasio na ng'ombe wa kutoa, na sababu moja ni kwamba hakuna anayetaka jina lake litajwe karibu na Mirembe. Mganga anayejua mpaka wake na kumwelekeza mgonjwa kituo cha afya ni msaada. Anayemfunga mnyororo kwa miezi ni mhalifu, hata akiwa na kibali ukutani.

Mwaka 2027 ni wa karne ya Mirembe, na taasisi zikifikisha karne hutoa kitabu: picha za waganga wakuu, picha ya jengo jipya, salamu za waziri. Kitabu hicho naomba kiwe na sura ya rejesta. Kila hospitali ya aina hii huandika jina la anayeingia, wilaya aliyotoka, tarehe, na namna alivyotoka: amepona, amechukuliwa na ndugu, amefariki. Majina ya watu binafsi yabaki siri, ni haki yao. Lakini wilaya zinaweza kuhesabiwa, Mwanza, Kwimba, Geita, Maswa, mwaka kwa mwaka tangu treni ilipoanza kufika, na walioingia wakalinganishwa na waliorudi. Makaburi ya waliofia huko yawekewe uzio na namba zinazosomeka, ili ukoo ukija kuuliza babu yao alizikwa wapi, awepo karani wa kuwaonyesha ukurasa na mahali.